Akidi

Lori lilishusha makasha saa tano asubuhi:
seva tatu, na diski kumi na nane zimelala kwenye sponji
kama mayai ya kanga.
Ndahani akasaini. Dereva akaomba maji.
Sijapata hata kisu cha kukatia kamba,
upepo wa Nzuguni ulishapaka kila kasha vumbi jekundu.

Chumba kilikuwa stoo ya mabomba.
Tumeziba madirisha, tumepiga deki mara nne,
na mara ya tano maji bado yalitoka na rangi ya chai.

Nikazipa majina. Utaratibu wa ofisi unataka namba;
mimi nikaandika Mvumi, Bahi, Handali,
maana ng'ombe wa babu yangu hawakulala zizi moja:
watano kwa shemeji yake Mvumi, saba kwa rafiki Bahi,
wengine Handali, kwa mtu waliyegombana naye kila mwaka.
Mgeni alihesabu wawili pale mlangoni, akamwonea huruma.
Babu alipokea huruma hiyo, na kibuyu cha pombe juu yake.
Mwaka sotoka ilipofagia Bahi
alilia siku moja, kisha akaanza safari ya Mvumi.

Usiku, Linux ikaingia mashine moja baada ya nyingine.
Skrini nyeusi, herufi nyeupe, kielekezi kikipepesa
kama mtu anayesubiri umalize sentensi.
Kebo moja nilikuwa nimeikata fupi. Nikatukana.
Diski zikajitaja, moja, moja,
isipokuwa ya kumi na moja.
Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Ikakohoa, ikaitika.

Kisha wasimamizi wakagoma.
Wako watatu, mmoja kila seva,
na wasipokubaliana wawili hakuna linaloandikwa.
Saa ya Bahi ilikuwa nyuma kwa sekunde nne.
Sekunde nne! Ubao mzima ukawa njano.
Ndahani akatazama mkono wake: "Saa nane."
Seva zikasema saa mbili.
"Nani mwongo?"
"Hakuna. Sisi tunahesabu tangu jua lilipotoka."
Akacheka mpaka akakaa chini, juu ya kasha tupu,
na hapo hapo akasinzia.

Asubuhi akaja Sechelela na kapu la madaftari.
Miaka ishirini na miwili anateremsha utepe visimani,
anasoma kina cha maji, anaandika.
Mashine ya zamani, ile ya peke yake,
ilikufa na vipimo vyake vya miaka tisa.
Akarudi kwenye madaftari, akaanza kuvichapa upya
kwa vidole viwili.
Sasa amesimama mlangoni, kavua viatu bila kuambiwa.
"Na hii ikifa?"

Nikamwambia avute.
"Nivute nini?"
"Waya wa umeme. Ule wa Handali."
Ndahani akaamka, akamtaja Mungu.
Akavuta.

Feni ikashuka sauti, ikashuka, ikanyamaza.
Njano tena. Mvumi na Bahi zikaulizana,
zikatimiza akidi, zikaendelea na kazi.
Sechelela akafungua kisima namba saba, mwezi Machi:
mita arobaini na moja na nusu.
Akafungua daftari, akaweka kidole.
Arobaini na moja na nusu.
Akachapa kipimo cha jana, polepole,
huku Handali imezimika.

Tulipoiwasha, wenzake waliisimulia yote,
hata kile cha jana.
Hapo tu nimemzidi babu:
ng'ombe hana nakala. Wa Bahi akifa, amekufa.

Kijani.

Sechelela akavaa viatu.
Nilinyoosha mkono nipokee madaftari, niyatie kabatini;
akayarudisha kapuni, moja moja, akafunika na khanga.
"Haya ni nakala ya nne," akasema,
na akatoka kwenda kupima.