Kikaango Chenye Utepe Mwekundu

Saa kumi na moja alfajiri, Frisia bado giza,
ng'ombe sabini na wawili wananiita kwa kwato.
Nakamua. Tangi linajaa, linavuma kama mtu anayekoroma.
Kisha navua buti mlangoni, navua ovaroli,
nanawa hadi viwikoni, mara mbili, kwa sabuni,
kama daktari anayeingia kupasua,
maana naingia kupika uji wa Jeltsje.

Mganga hajigangi.
Na mfugaji je, ambaye binti yake
akilamba kijiko kimoja cha mtindi
hulala siku tatu amekunja magoti kifuani?

Daktari kule Leeuwarden alichora utumbo kwa penseli,
vinyweleo vidogo kama zulia,
akavifuta kwa kidole gumba: "Ngano imefyeka hivi."
Maziwa akayaongeza chini ya ukurasa,
kama mtu aliyekumbuka deni jingine.
Nikauliza, hata siagi?
Akaitazama mikono yangu.
"Hata siagi."

Miaka miwili sasa. Nasoma herufi ndogo
nyuma ya pakiti kwa makini
ambayo benki haijawahi kuipata kwangu.
Soseji ina ngano. Nani aliituma ngano kwenye soseji?
Chipsi za pilipili zina maziwa. Supu ya pakiti ina vyote viwili,
na dawa ya kikohozi tuliigeuzageuza dukani
hadi muuzaji akadhani tunataka kuiiba.
Kabati la juu ni lake: mchele uliosagwa, mahindi,
wanga wa viazi, unga wa muhogo uliotoka mbali kuliko mimi,
mbegu za kitani ninazoloweka
mpaka zitoe ute kama bamia.
Kikaango chake nimekifunga utepe mwekundu mpinini.
Anayekigusa kwa kijiko chenye siagi
ajue amenitia kidole jichoni.

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa tofali.
Wa pili ulibomoka, tukaula kwa vijiko.
Jeltsje alicheka mpaka akashikwa na kwikwi:
"Baba, huu ni mchanga wenye chumvi."
Wa kumi na tisa ulisimama.
Sikumwambia mtu. Nilivuta kiti nikakaa nikiutazama
kama ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma
na bado akazaliwa mzima.

Mgumu alikuwa mama yangu, Beppe Tetsje.
Kwake upendo una uzito, na mizani yake ni siagi.
Jumapili moja alimkatia mjukuu mkate wa sukari,
kipande chembamba, kama jani.
"Kiduchu tu. Hakiui mtu."
Hakikuua. Usiku kucha nilishika beseni.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya tumbo lile tuliijua watatu, saa tisa usiku:
mimi, mtoto,
na bibi aliyelala kwetu siku hiyo,
amesimama ngazini, koti juu ya nguo ya kulalia,
hana neno.

Wiki mbili baadaye alikuja kwa baiskeli,
upepo unampiga ubavuni,
kikapuni kikaango kipya kilichofungwa kwa gazeti,
mpini wake tayari una utepe mwekundu,
fundo baya, la kamba ya kiatu.
Hakuomba radhi. Alivua pete ya ndoa,
akanawa hadi viwikoni, akauliza:
"Unga wa mchele unakaa wapi?"

Leo jioni Jeltsje yuko zizini,
ameshika ndoo, ndama anasukuma kwa pua.
Namsikia akimwambia, "Kunywa yote. Ni ya mama yako."
Anaingia na njaa, ananawa bila kuambiwa.
Mezani kuna viazi, samaki wa unga wa mahindi,
matufaha yaliyopikwa kwa mdalasini,
na chapati za Beppe, zimeungua ukingoni.
"Zina chumvi ya kutosha?" bibi anauliza.
Anauliza tena.
Mtoto hawezi kujibu,
kinywa kimejaa.