Lumbesa

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Juni
imekalia mabati ya Mafiati kama mdai.
Simu inaniamsha kwa adabu:
Habari, Lusekelo. Leo hujapiga hata hatua moja.
Kweli. Niko chini ya mablanketi mawili,
mguu mmoja umekufa ganzi.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo.
Programu hii niliipendea safu zake mbili:
kilichoingia, kilichotoka.
Chapati mbili na chai ya maziwa, mia tano na ishirini.
Mashine ya kukimbilia, dakika kumi na mbili, mia na nne.
Salio lilikaa upande mbaya, lakini lilikuwa salio.

Kwenye jimu ya Mwakalukwa, ghala la zamani la pareto
ambalo vumbi lake bado linatupigisha chafya,
nilinyanyua vyuma wiki tatu, nikaandika kila kitu,
hata siku niliyokaa kwenye benchi
nikitazamana na mtu wa kwenye kioo,
sote wawili tumechoka.

Kisha ofisi ikatangaza shindano.
Mwenye hatua nyingi kwa mwezi apewe mbuzi.
Nyanzala wa dawati la mikopo, mwembamba kama kalamu,
kila asubuhi akitupitishia simu yake puani.

Ndipo nikamkumbuka Ambakisye.

Anasukuma mkokoteni pale Uyole,
viazi kutoka kwenye malori hadi vibandani,
magunia yaliyoshonewa kofia juu,
yale ambayo sheria inayakataza na bei inayapenda.
Nikampa simu yangu ya zamani.
Weka mfukoni. Usizime. Elfu mbili kwa siku.
Akaipima kiganjani.
"Hii nyepesi, kaka. Ndani kuna nini?"
"Hatua."
"Za nani?"
Lori likapiga honi, nikashukuru.

Siku ya kwanza: elfu thelathini na nane.
Ya pili: arobaini na moja.
Niliteketeza kalori elfu mbili
nikisubiri chipsi mayai.
Saa tano usiku bado natembea!
Nikampigia, nikitafuna karanga.
"Lori la Tunduma limechelewa, kaka."

Siku ya kumi na tisa nikasimama.
Sifuri.
Programu ikanifariji: mwili nao unahitaji kupumzika.
Ya ishirini, hatua mia sita,
zote za kwenda chooni na kurudi, nadhani.
Ya ishirini na mbili zikarejea,
fupi fupi, nyingi, za haraka.
"Gurudumu lilinipanda mguu," akasema.
"Ila usihofu. Simu anayo mdogo wangu Tupokigwe,
anatembeza maji stendi."

Nikashinda. Wakanipigia makofi,
Nyanzala akapiga machache.

Wiki hiyohiyo, zahanati, Daktari Sichalwe
akanitoboa kidole, akasoma sukari, akanyamaza.
"Mazoezi unafanya?"
Nikamwonyesha grafu.
Akaitazama, akatazama kitambi, akairudia grafu.
"Huyu mtu ni mzima kabisa," akasema. "Yuko wapi?"

Jumamosi nikamfunga mbuzi kamba
nikashika barabara ya Uyole kwa miguu.
Hakutaka. Nilimvuta, akanivuta.
Ilomba nikaketi kwenye tofali la mtu, pumzi zimeniisha,
mbuzi akinitazama kama mkaguzi wa mahesabu.
Simu ilikuwa stendi, kwenye mfuko wa mtoto,
kwa hiyo sijui ni hatua ngapi.

Ambakisye alikuwa amekaa juu ya mkokoteni uliopinduliwa,
mguu umefungwa kitambaa cha gunia.
"Anauzwa?"
"Wako."
Akamkagua mbavu, akamwinua mkia,
akamfunga kwenye ekseli.
"Na zile siku tatu nilizolala?"
Nikatoa elfu sita.
Nilizihesabu mara mbili,
yeye akazihesabu ya tatu.