Bomba Kati ya Nyumba ya Tatu na ya Nne

Usiku nawaacha mawakala elfu kumi wacheze kwenye kompyuta.
Kila mmoja ana majirani wanne: juu, chini, kulia, kushoto.
Kila mmoja ana swali moja:
nitoe, au nidoee?

Atoaye nimempaka buluu. Mdoezi, nyekundu.
Raundi ikiisha, kila mmoja anachungulia mfuko wa jirani,
na jirani akiwa amenona kumzidi
anavaa rangi yake.
Hakuna aliye mwema humo. Kuna kuiga tu, na hesabu.

Nimejaribu adhabu:
waadhibu walikonda kuliko waadhibiwa,
maana fimbo nayo hununuliwa.
Nimewapa wachache majirani mia mia, wawe vinara;
kinara mmoja akageuka mwekundu
na mia wakageuka naye kabla chai yangu haijapoa.
Kilichofaa ni kidogo, hata kukiandikia makala naona haya:
buluu watatu, wanne, waliokaa wakigusana.
Pembezoni wanaliwa, katikati wanapashana joto,
na hawaishi.

Saa tisa usiku nazima skrini,
napanda kilima cha Otaru kwa miguu,
theluji ikinifika magotini.

Mtaa wetu una nyumba saba na bomba moja la zimamoto.
Si la mtu. Moto ukija, ni la wote.
Miaka kumi na moja nimepita hapo
nikilikuta limefukuliwa,
limezungukwa na shimo safi kama bakuli,
na sikuwahi kuuliza bakuli hilo huchongwa na nani.
Nilidhani manispaa.

Januari, Bi Hatsue wa nyumba ya sita
aliteleza kwenye ngazi zake, nyonga ikavunjika.
Siku ya kwanza bomba likabaki mabega.
Siku ya tatu, kofia.
Siku ya tano palikuwa na kichuguu cheupe
na mlingoti wenye kibao, kuonyesha palipozikwa kitu.

Ndipo nikahesabu.
Buluu mmoja, naye yuko hospitali.
Wekundu sita.
Wa pili kutoka kona, mwenye shahada ya uzamivu katika ushirikiano,
mwekundu kama pilipili.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Mbona hatuambiwi kidole cha pili
kilivyo hodari wa kujificha mfukoni?

Niliazima beleshi la Bi Hatsue mwenyewe.
Mpini ulikuwa umelika pale viganja vyake vilipozoea;
vyangu havikuenea.
Theluji ya juu ni unga, ya chini ni saruji.
Mgongo ukanifundisha neno gharama,
ambalo kwenye milinganyo yangu
ni herufi moja, ndogo, ya mlazo.

Pazia la nyumba ya nne likasogea.
Bwana Nagao alinitazama mpaka nikamaliza,
kisha akalirudisha.
Hakutoka. Hajatoka mpaka leo.
Siwezi kumkata kama ninavyokata nyuzi kwenye programu;
theluji ya paa lake huangukia uani kwangu.

Lakini asubuhi ya pili Teppei, mtoto wa kinyozi,
alikuja na sepeto la plastiki, la kuchezea mchanga,
akaniomba radhi kwa kuchelewa
kana kwamba tulikuwa na miadi.
Nusu alichimba. Nusu alijenga sungura.

Wawili.
Najua yanayowapata wawili kwenye gridi yangu,
nimeyaona mara elfu nne.
Sikumwambia Teppei.

Jumapili nikaenda hospitali na machungwa,
nikamweleza Bi Hatsue kila kitu, mpaka sungura.
Nilitaka, nakiri, anisifu.
Alimenya chungwa moja polepole, akauliza:
"Upande wa barabarani mmechimba?
Maana gari la zimamoto husimama upande huo."

Hatukuwa tumechimba.
Nikawahi basi la saa kumi na moja.