Milimita Nne

Nsimire amepanda mizani kabla ya saa mbili,
kilo arobaini na tatu, viatu kaviacha mlangoni.
Begani alama ya kamba haijafutika:
unga, magunia, bandarini hadi Kadutu, kwa mguu.
Nyuma yake Mama Cibalonza, tisini na moja,
anacheka: «Kitenge peke yake kilo mbili, toeni!»

Mimi kazi yangu ni mirija,
myembamba kama njiti za ufagio.
Naijaza maziwa yao, naiziba kwa nta,
mashine inazunguka, umeme ukikubali,
kisha napima kwa rula
mafuta yaliyopanda juu.

Cibalonza, sita.
Nsimire, nne.

Nilipomwambia, aliitazama rula, si mimi.
«Na hiyo nne imetoka wapi?
Jana nilikula sombe. Juzi, chai.»

Daktari angejibu vizuri.
Mimi niliona mifupa ya shingo yake,
mashavu yaliyoingia ndani,
nikajua ghala liko wapi
na nani analibomoa kila usiku
kwa ufizi usio na jino hata moja.

Cibalonza hakucheka tena.
Alifungua mfuko wake wa soko:
sambaza kavu, bado zinanuka jua la Kivu.
Akamimina nusu kwenye kitenge cha mwenzake.
«Za mtoto hizo. Lakini zipite kwanza kinywani mwako,
nikuone ukitafuna.»

Daftarini niliandika sita, na nne.
Nikatafuta safu ya sambaza.
Haikuchorwa.