Kipilefti

Saa kumi alfajiri nawasha greda.
Akureyri yote imelala, theluji imefika magotini,
na kazi yangu ni kuifungua njia
kabla wenye shule na wenye mikate hawajaamka.

Theluji haikunishinda. Kilichonishinda ni kishindo.
Gurudumu likipanda bonge la barafu, du!
sauti kifuani inasema: Hallbera, umemkanyaga mtoto.

Mtoto gani, saa kumi, katika baridi ya kupasua chupa?
Sikuuliza. Nilizunguka kipilefti, nikarudi,
nikashuka na tochi, nikapekua theluji kwa mikono.
Hamna mtu. Hamna damu. Nikashusha pumzi.

Nafuu ile ilidumu mpaka taa za pili.
Je, kama alitambaa hadi mtaroni?
Nikarudi.
Je, kama tochi haikufika?
Nikarudi.
Kuna siku nilihesabu mara kumi na tisa.
Wenzangu walikwishamaliza mitaa yao, wanakunywa kahawa,
mimi nasugua barabara ileile mpaka lami inang'aa.

Sigurlaug, mwanasaikolojia, ana mafua na soksi zisizofanana.
Hakuniambia "usiogope". Hilo mume wangu alikwishalisema
miaka sita, bure.
Alinisogezea penseli. "Chora."
Nikachora kishindo, halafu wazo, halafu hofu,
kurudi, nafuu,
na mshale ukaniponyoka ukaenda kugonga palepale pa kishindo.
"Unaona nini?"
"Kipilefti," nikasema, tukacheka,
kisha mmoja wetu akalia.

"Kila ukirudi," akasema, akipenga kamasi,
"unalilipa wazo mshahara.
Umeona wapi anayelipwa vizuri akaacha kazi?"

Akanipa zoezi: sikia, pita, usirudi.
Hofu uiandike kwa alama, juu ya mia.

Jumanne, karibu na bwawa la kuogelea, du!
Tisini na tano.
Taa nyekundu za mji huu zina umbo la moyo;
moyo ule ulinikodolea macho, nami nikaukodolea.
Ushahidi? Kishindo.
Na barafu hulia vipi? Vivyo hivyo.
Tisini na tano bado. Daftari halikunionea huruma.
Mikono ilitetema juu ya usukani, kipilefti kikaniita kwa jina,
nikanyoosha.
Themanini. Themanini. Sitini na tano.
Sikuipuliza. Ilipoa yenyewe
kama uji uliosahauliwa mezani.

Alhamisi nilirudi mara moja. Nimeliandika na hilo.

Leo nimefika kwa wenzangu kahawa ingali moto.
Chungu, kama walivyoisimulia.
Nimeomba kikombe cha pili.
Huko nyuma, gizani, kuna kitu nimekipanda
asubuhi hii, mtaa wa tatu kutoka kanisani.
Yamkini barafu.
Sitajua.
Sukari, tafadhali.