Mkono wa Kanzu

Alikuja Jumatatu, soko la Kiusa halijachangamka,
mheshimiwa na dereva wake, na jora la kitambaa chekundu.
"Fundi Tesha, mshonee Monsinyori Klemensi."
Nikauliza: barua imetoka Roma?
Akacheka, akaweka noti juu ya cherehani.
"Wewe pima. Barua ni kazi yetu."
Nimpime wapi, na mwenyewe hayupo?
Akaonyesha ukutani, kalenda ya jimbo, mwezi wa sita.

Nikapima picha.
Nina ada za watoto, sina kiapo cha kukataa kazi.
Lakini chaki ilipofika begani nikamkumbuka Padre Theofili,
aliyetufundisha historia kule Kibosho
kwa sauti ya mtu anayemsengenya jirani.

Palikuwa na dola huko Ulaya, alisema,
kaizari wake ameshika fimbo mkono wa kulia,
wa kushoto orodha ya makardinali.
Huyu apewe kofia, ni binamu wa waziri.
Huyu naye, aliibariki mizinga vizuri.
Huyu asubiri: mahubiri yake yana njaa ya watu ndani.
Na Papa akifa, wazee wakifungiwa wamchague mwingine,
mmoja wao huingia na karatasi ya kaizari
imekunjwa mara nne ndani ya mkono wa kanzu.
Kura zikielemea jina fulani, anaikunjua,
anakohoa,
anasoma: Kaizari hamtaki.
Basi. Roho Mtakatifu anaombwa arudie.

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka sana,
baba yangu alikuwa fundi.
Niliwaza: ule mkono aliushona nani?
Aliambiwaje? "Ongeza kina kwa ndani, pasionekane"?
Alilipwa? Aliungama?

Kwetu mlimani mpaka wa kihamba ni sale.
Watu husema ukilihamisha usiku litakuumbua.
Uongo. Linashika mizizi palepale ulipolichomeka,
na hiyo ndiyo hatari yake:
masika mawili yakipita,
hakuna anayekumbuka lilikuwa wapi.

Barua ilikuja mwezi wa tisa,
ina jina jingine, la mtu asiye na dereva.
Mheshimiwa hakurudi.
Noti zake zimo kwenye kopo la vifungo, hajazifuata.
Monsinyori nilimweleza, mlangoni pa sakristia.
Alinyamaza kitambo, kisha akauliza
kama kanzu ingemtosha.

Mke wangu, Evarista, alisema kitambaa hakina dhambi.
Tukakikata: kanzu nne za watumikizi.
Mikono nikaishona myembamba kwa makusudi,
upite mkono wa mtoto, isipite karatasi.

Jumapili, wakati wa matoleo,
yule mdogo wao akatazama kulia, akatazama kushoto,
akaingiza vidole viwili mkononi mwa kanzu
akatoa pipi.