Kuzidisha na Sifuri

Friji lilitoka nyumba ya wageni kule Shela,
limeliwa na kutu, mlango umelegea.
Nilipewa bure. Mwenye punda alinidai mia nne
kulifikisha Langoni, na vichochoroni likakwaruza
kuta za watu wawili. Nikaomba radhi mara mbili.

Mwanakheri alisimama kizingitini.
"Hili nalo?"
"Kiangulio."
"Kiangue nini? Sisi?"

Pesa ya mtungi wa gesi ilikuwa imeshageuka
feni ya kompyuta mbovu, waya, kipimajoto,
na balbu mbili za kizamani, zile za nyuzi,
nilizozisaka duka kwa duka,
maana hizi za sasa zinang'aa bila kupasha,
kama salamu ya mtu unayemdai.

Alipojua habari ya gesi, alinyamaza.
Mwanakheri akifoka, nyumba ina amani.
Akinyamaza, anza kuhesabu siku.

Nikapanga mayai ishirini na manne
ya kuchi wa Bwanamkuu, wa jogoo yule mwenye shingo ndefu
anayepita mtaani kama anakusanya kodi.
Kila yai nikalitia penseli:
upande huu alama ya kuzidisha, upande huu sifuri.
Asubuhi geuza, adhuhuri geuza, usiku geuza,
kilicho ndani kisije kikagandamana na ganda.
Mwanakheri, mweka hazina wa chama mwaka wa saba,
akachungulia, akatoa neno moja la wiki:
"Chochote ukizidisha na sifuri, unapata sifuri."
Akarudi kwenye kuni zake.
Moshi ukawa ndio mazungumzo yetu.

Thelathini na saba na nusu. Bakuli la maji chini.
Nililala ubavuni mwa friji, juu ya mkeka,
nikiamka kusoma joto kwa tochi ya simu.
Utotoni tulitegewa nyumba isiyo na mlango;
jibu nililijua kabla sijajua kufunga vifungo.
Hiki hakuna aliyenitegea:
aliye ndani, nani humwambia saa imefika?

Siku ya saba nikaweka tochi nyuma ya yai.
Mishipa, myembamba kama uzi wa kofia,
na katikati doa linarukaruka.
Nilitaka kumwita mtu.
Jina lake nikalimeza.

Siku ya kumi na moja, gatini, mifuko ya simenti haikwisha.
Mayai niliyakumbuka mfuko uko begani,
adhuhuri imepita, alasiri nayo.
Nikakimbia. Nikavuta mlango wa friji.
Sifuri. Sifuri. Sifuri. Safu zote.
Asubuhi nilikuwa nimeyaacha yote kwenye kuzidisha.
Na juu ya yai moja, alama ya kidole, nyeusi: piko.
Wiki ile jirani alikuwa anaoza.

Nikatoka uani. Sikuuliza. Hakusema.
Nikashika kipepeo, nikampepelea moto.

Usiku wa kumi na nane stima ikakatika.
Nikanyoosha mkono kwenye mayai.
"Usiguse. Siku za mwisho hayageuzwi."
"Nani kakwambia?"
"Kuku."
Akaleta chupa za maji moto, akazifunga kwa kanga,
akazipanga kandokando kama anayelaza wagonjwa.
Tulikaa gizani, migongo imeegemea bati la friji,
tukazungumza habari za gesi
hadi taa iliporudi, na hata baada ya hapo.

Walitoka kumi na mmoja.
Mmoja alitoboa tundu, akaishia hapo;
tulimzika chini ya mpapai.
Mayai mengine hayakutueleza kitu.

"Kumi na mmoja," nikasema. "Haya, zidisha."
"Gesi kwanza," akasema,
lakini hakuinuka. Kifaranga alikuwa kiganjani mwake,
bado ana unyevu, miguu haijamtii,
anadonoa piko iliyokwisha kufifia,
nukta baada ya nukta,
akidhani ni mtama.